Vila ya Diani na Geti la Kola

Ndila alikuwa mtu wa kuondoa malori. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya kule Mlolongo: kusimama kutwa kwenye kiofisi cha mabati, simu mbili mkononi, akiwahimiza madereva wa saruji ambao kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutotoka. Huyu tairi, huyu chai, huyu ameota ndoto mbaya. Wote hatimaye walitoka. Madereva wenyewe walisema afadhali ukutane na askari wa mizani ya barabarani kuliko kukutana na Ndila kabla hajanywa chai. Sasa mwanamke kama huyo, anayeng'oa lori zima kwa maneno matupu, angeshindwaje kumwondoa mama mmoja mfupi, mwenye magoti mabovu, nyumbani kwake Kola? Alishindwa. Tena alishindwa vibaya.

Na jambo lenyewe lilikuwa dogo. Ndila alitaka mama yake akae chini siku ya Krismasi. Basi. Hakutaka zaidi ya hapo. Tangu Ndila apate akili, hajawahi kumwona mama huyo, Kamanthe, ameketi siku hiyo. Watu huanza kuingia kwake asubuhi, wana wa shangazi, wakwe, majirani, na wengine ambao hakuna anayejua hasa wanahusiana vipi na familia, na wote wanakula. Krismasi iliyopita Kamanthe alikuwa anaepua sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyochemshwa na maharagwe, goti likamwachia, akaanguka ubavu pale pale jikoni. Walipomwinua, swali lake la kwanza lilikuwa kama chakula kimemwagika. Hakikuwa kimemwagika. Akajifuta majivu, akaendelea kupakua huku mguu unavimba na watu uani wanaitisha chumvi.

Jioni ile Ndila alilia kwa hasira nyuma ya ghala la mahindi. Kesho yake asubuhi, akiosha vyombo, akaikuta tena kabatini ile sahani ya kila mwaka, imefunikwa kwa sahani nyingine, nyama ya mguu imeganda mafuta, haijaguswa. Mama yake alikuwa na tabia hiyo ya kuficha chakula cha mgeni wa kuchelewa, na mgeni wa kuchelewa haji, na anayesugua yale mafuta ni Ndila. Akaisugua akiapa kimoyomoyo kwamba mwaka ujao mama huyu hatashika mwiko, hata kama itabidi ahamishwe wilaya.

Ndivyo alivyoishia kwa Hidaya, mjini Machakos.

Hidaya walisoma naye sekondari. Babu yake alitoka pwani zamani akafungua duka la vitambaa karibu na msikiti, na familia haikuondoka tena. Duka la vitambaa lilishakufa, na sasa Hidaya alikuwa amekalia kaunta ile ile akiwatafutia watu wa bara majumba ya kifahari ya kukodi huko Diani na Watamu. Desemba ikinukia tu, simu yake haipoi. Alimgeuzia Ndila kompyuta, akamwonyesha vila nyeupe yenye baraza pana, bwawa la kuogelea mbele yake, na baada ya bwawa minazi, na baada ya minazi bahari.

"Kuna mpishi," Hidaya alisema. "Kuna mtu wa kufua, kuna wa kutandika. Wewe unafika, unavua viatu, umemaliza. Hata embe unamenyewa."

"Na mtu akiingia jikoni mwenyewe?"

"Wanamtoa. Kwa adabu, lakini wanamtoa."

Ndila akahisi kama amefunguliwa dirisha. "Nishikie hiyo. Krismasi yote."

"Umemwuliza mama?" Hidaya aliuliza. "Maana nyumba ya Krismasi nikishaishika siwezi kuiachilia."

"Aulizwe nini? Nani hukataa bahari?"

Hidaya, ambaye amekuwa kwenye biashara hii muda wa kutosha, alimtazama tu, akaishika.

Jumamosi hiyo Ndila akapanda Kola na habari zake. Alimkuta mama yake kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, akichagua ndengu. Goti bovu alikuwa amelinyoosha mbele. Kutoka pale alipokaa aliona uwanja wote mpaka getini, na barabara ya vumbi nyuma yake.

"Mwaitu," Ndila akaanza, kama wanavyomwita mama zao huko, "Krismasi hii tunaenda Diani. Nimepata nyumba kando ya bahari. Sisi wote."

"Nyumba ya nani?"

"Ya kulipia. Ya watu wa likizo."

"Nimeuliza ni ya nani."

"Sijui, Mwaitu. Mwenyewe ni mzungu fulani, ako kwao huko."

"Na amesema twende?"

"Atasemaje na hatujui?"

Kamanthe akaweka ungo chini. "Asi! Ndila! Mtu hakujui, hujamwona, ametoka kwake, halafu wewe unaingia unalala kwa kitanda yake. Siku ya Krismasi! Na akirudi?"

"Harudi."

"Mtu atakosaje kurudi kwake Krismasi?"

Ndila alieleza. Alieleza habari ya vila na kukodi, kwamba nyumba hiyo ilijengwa ili wengine wailipie wakae. Alieleza vizuri, polepole, kwa sauti ile anayoitumia kwa madereva wageni. Lakini kwa Kamanthe nyumba ilikuwa nyumba. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hukualika, na wewe huendi mikono mitupu. Hata kwa dada yake wa kuzaliwa hakuwahi kuingia bila kuku au ndengu au angalau paketi ya sukari. Kulala kwa mtu bila mwaliko, tena kwa kumlipa, kwake ilikuwa tabia ya watu waliofukuzwa kwao. Ndila aliondoka akisema watazungumza.

Wiki iliyofuata mambo yakageuka, na Ndila akadhani ameshinda. Aliingia uani akakuta gunia la ndengu limeshonwa, kuku wawili wamefungwa miguu, kibuyu cha maziwa ya mgando na, kando ya ghala, beberu mweusi amefungwa kamba mpya. Wambua, kaka yake mkubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa anazunguka pikapu yake akikagua tairi na kupiga mluzi.

"Hii yote ni ya nini?" Ndila aliuliza.

"Ya mwenye nyumba," Kamanthe akasema. "Kama hayuko, tutaachia watu wake."

"Mwaitu, huwezi kupeleka mbuzi vila."

"Kwa nini?"

Ndila akampigia Hidaya, akaweka sauti ya nje ili mama asikie mwenyewe. Hidaya aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akasema kwa upole, kama anayeongea na bibi yake, "Shosho, kule kuna zulia jeupe."

"Mbuzi atalala inje," Kamanthe akamjibu. "Si mtoto."

Wambua akacheka mpaka akashika bodi ya gari. Wambua alikuwa na raha sana na safari hii. Tena katika raha yake alishawaambia wazazi wa mkewe, Linet, wajiandae, na shemeji yake mmoja pia, na pasta alikuwa anafikiria. Vila ilikuwa na idadi yake ya watu, na Hidaya alishamwonya kwamba wakizidi wanarudishwa mlangoni na mabegi yao.

"Sikilizeni," alisema, akihesabu kwa vidole kama anahesabia watoto wa chekechea. "Ni Wambua na Linet. Watoto wao watatu. Mimi. Mwaitu. Saba. Hakuna pasta, hakuna mbuzi."

"Nane," Kamanthe akasema.

"Nane nani?"

Kamanthe aliinama akakaza kamba ya kuku, ambayo haikuwa imelegea. Ndila akachukulia kwamba ni mbuzi amehesabiwa. Kwa hasira aliyokuwa nayo hakuuliza tena.

"Halafu," mama akaongeza akiwa bado ameinama, "huyo mwenye nyumba aje anialike. Yeye mwenyewe, au atume mtu wake. Niko na miaka mingi, siwezi enda kwa watu kama kuku imepotea."

Ndila alipofika kwenye kaunta ya Hidaya siku hiyo alikuwa anaongea peke yake. Alitupa mkoba, akakaa, akasema kwamba yeye anajiuzulu ubinti. Mtu unataka kumpumzisha, anakuletea mashauri ya mbuzi. Unamtatulia la mbuzi, anataka mzungu atoke Ulaya aje Kola kunywa uji. Je, akipatikana huyo mzungu, atataka nini, mwaliko wa gavana?

Hidaya alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. "Hana haja ya mzungu," alisema. "Ana haja ya mtu. Nitakupa shangazi yangu."

Shangazi mwenyewe alikuwa Bi Layla, mjane mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, ambaye mji mzima ulimjua kwa mahamri na viazi karai vyake vya asubuhi. Alizaliwa Likoni, akaolewa Machakos, akabaki. Mpango ulikuwa rahisi na haukuwa na haya. Bi Layla angevaa buibui lake zuri na bangili zote, apelekwe Kola, ajitambulishe kuwa ndiye mwenye vila, amwalike Mama Wambua kwa heshima zote, anywe chai, aondoke. Bi Layla alikubali upesi mno. "Maishani mwangu sijawahi kuwa na vila," alisema. "Hebu niwe nayo hata siku moja."

Alipelekwa na mpwa wake Umar, na Ndila akawatangulia getini na tabasamu la mtu anayeumwa jino. Kamanthe alikuwa ametandika kitambaa cha meza cha harusi. Alikuwa amemtenga jogoo mkubwa na kisu kipya, na kabla ya salamu kuisha alimpa Umar vyote viwili achinje mwenyewe, maana mgeni Mwislamu kwake hakula cha kukisia. Kisha akaingia jikoni, goti lile lile, na Ndila alipojaribu kumpokonya mwiko akapigwa nao kidoleni.

Walikula. Bi Layla alikula kuku, akala chapati, akaongezwa, akaongezwa tena. Kila alipofungua mdomo aseme habari za vila, Kamanthe alimwekea kitu kwenye sahani. Ndila, aliyesimama na birika la kunawisha, alimpa ishara za macho. Alimpa ishara za nyusi. Mwisho alikohoa.

Bi Layla akafuta mikono, akashusha pumzi. "Mama Wambua," alisema, "wallahi chakula hiki kimenishinda. Siwezi kukila kisha nikudanganye. Mimi huko Diani sina hata banda la kuku. Hawa watoto wamenileta nije niseme nyumba ni yangu ili ukubali kwenda. Nisamehe, dada."

Ndila alitamani ardhi ipasuke. Umar akatoka nje haraka kana kwamba ameitwa.

Kamanthe alimtazama Bi Layla, akamtazama binti yake, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka leso ikamtoka kichwani, na Ndila akakumbuka kwamba tangu baba yao afariki hajasikia kicheko hicho. "Nilijua," Kamanthe alisema. "Tajiri wa bahari hawezi kula shingo ya kuku hivyo."

Wakacheka wote wawili kama wasichana. Ndila hakucheka. Yeye alikuwa bado na vila mkononi na mama asiyekwenda, na sasa hata uongo wake wa mwisho ulikuwa umeliwa pamoja na kuku.

Ndipo pikipiki ilipopita barabarani. Kamanthe aliacha kucheka, akageuza shingo, akaitazama kupitia mlangoni mpaka ilipomaliza kupita. Kisha akamrudia mgeni. Bi Layla alikuwa amemwona. Alikuwa amemwona tangu walipoketi, kila pikipiki, kila mlio wa geti.

"Dada," aliuliza, sauti imeshuka, "unamngoja nani?"

Ndila alitaka kujibu kwamba hangoji mtu, ni mazoea tu ya wazee wa kijijini. Lakini mama yake aliikunja leso mapajani mwake, akaikunjua.

"Mtoto wangu wa mwisho," alisema. "Mwanzia."

Mwanzia alikuwa ameondoka miaka minane iliyopita. Aligombana na baba yake juu ya pikipiki ya nyumbani aliyoiuza bila kuuliza, akaambiwa atoke, akatoka, kijana wa miaka kumi na tisa na begi la shule. Hawakujua alikoelekea. Baba yao alikataa jina lake litajwe mezani, na hata alipozikwa, jina lilibaki halitajwi, maana nyumba ilikuwa imeshazoea. Ndila mwenyewe alimtaja mara moja tu, siku ya matanga, akisema mbele ya watu kwamba huyo harudi na asingojwe.

"Mwaka ule alitoka alinipigia simu," Kamanthe alimwambia Bi Layla. "Na namba sijui. Ilikuwa Krismasi, watu wamejaa hapa, kelele. Akaniambia, Mwaitu, nitakuja Krismasi. Simu ikakata." Akailaza leso gotini. "Hakusema Krismasi gani."

"Na ukiipiga hiyo namba?"

"Haiingii. Niliipiga mpaka mashini ikanizoea." Akageuka, kwa mara ya kwanza akamtazama Ndila aliyesimama pale na birika lake. "Sasa nikienda huko kwa bahari, na yeye achague hii. Afike hapo akute kufuli. Atasema nini?"

Hasira zote alizokuwa nazo Ndila zilitafuta pa kwenda zikakosa. Zilianza kwa Mwanzia, mwanamume mzima huko aliko, ana simu, ana mdomo, ameshindwa kusema mwaka. Zikamrudia mama. "Mbona hukuniambia?" alisema, na sauti ikapanda ingawa mgeni yupo. "Umenizungusha mwezi mzima! Mbuzi, gunia, mwenye nyumba, mwaliko! Kwa nini hukusema tu?"

"Ungesema nini?"

Walijua wote wawili angesema nini.

Akaikumbuka sahani. Zile nyama za mguu zilizoganda, mwaka baada ya mwaka, na yeye anazitupia mbwa akilalamika juu ya mafuta. Akakumbuka ile nane.

Lakini alikuwa Ndila, na Ndila lori likikwama hatafuti machozi, anatafuta njia. Akaweka birika chini. Tutamweka jirani, alisema. Kamanthe akakataa: jirani atamwambia wameenda, naye atageuka hapo hapo, huyo kijana hangoji kubembelezwa. Basi tutaandika namba ya simu getini. Mvua itafuta. Basi Wambua abaki. Wambua? Kamanthe alimwangalia kama mtu aliyetoa wazo la kumwacha mbuzi alinde mahindi. Wambua ndiye aliyeuziwa ile pikipiki kwa bei ya kutupa, wakagombana juu yake yeye na Mwanzia, na wakiachwa getini wawili wataanzia pale walipoachia.

"Basi nitabaki mimi!" Ndila akafoka.

Aliyasema kama mtu anavyotupa kiatu, bila kulenga. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mama yake akayaokota.

"Wewe?"

"Mimi." Kurudi nyuma hakukuwezekana tena. "Wewe unaenda. Na Wambua na Linet na watoto. Nafasi yangu apewe Bi Layla, si kwao ni huko? Mimi nitakaa hapa, geti wazi."

"Na watu wakija?"

"Nitapika."

"Wote?"

"Mwaitu, nimesema nitapika!"

Kamanthe alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, vile anavyopima mbuzi sokoni. "Na sahani?"

"Nitaweka."

"Ya mguu," akasema. "Usimwekee mbavu. Mwanzia hali mbavu."

Wakaondoka siku mbili kabla ya Krismasi, pikapu ya Wambua mbele na gari la Umar nyuma. Beberu alibaki. Gunia la ndengu halikubaki, lilipakiwa Ndila akiwa ameingia chooni, na kuku pia, na Hidaya alipiga simu baadaye akiwa hana nguvu ya kulia wala kucheka, akauliza kama ni kweli mpishi wa vila amekabidhiwa kuku wawili na kibuyu.

"Ni kweli," Ndila akasema. "Mwambie apokee. Asipopokea mama atarudi na basi."

Na siku ikafika. Yule aliyeapa kwamba mama yake hatashika mwiko sasa alikuwa ameushika yeye tangu alfajiri. Moshi ulimwingia machoni, moshi ukamwingia kooni. Wambua alikuwa amempeleka Diani yule kijana ambaye huwa anachuna mbuzi, eti aone bahari na kulala na Umar kwa jamaa zao Likoni, kwa hiyo ikabidi kumsihi mzee wa jirani ambaye alichuna huku anatoa hotuba. Watu walifika wote. Walifika hata waliokuwa wameambiwa mama hayuko. "Tumesikia mama ameenda kwa bahari," walisema wakikaa, "tukasema tupitie tu." Kupitia kwao kulikuwa kukaa mpaka jioni. Mmoja alisema muthokoi wa Kamanthe huwa laini kuliko huu. Ndila alimtazama mpaka akaomba radhi na kuomba maji.

Saa sita mama akapiga simu ya picha, Linet akimshikia. Kamanthe alikuwa kwenye kiti kirefu cha kitambaa, miguu juu, leso imefungwa vizuri, uso wa mtu aliyekamatwa na polisi.

"Wananikatalia kusimama," alisema. "Nikiinuka kijana anakuja anauliza nataka nini. Sitaki kitu! Nataka kuosha kikombe yangu. Wamekataa."

"Kaa chini, Mwaitu."

"Nimekaa. Sijui nikae namna gani zaidi." Nyuma yake Bi Layla alikuwa ameingiza miguu bwawani na buibui lake, anaimba. "Watu wamekuja?"

"Wamekuja wote."

"Wote?"

Ndila alielewa swali. "Wale wa kila siku," akasema.

"Sawa. Vai thina." Hakuna shida, lakini hakukata simu mara moja.

Alasiri, Ndila akiwa amebeba sufuria ya pili ya chai, pikipiki ikapunguza mwendo barabarani. Ikasimama. Alisikia mtu akishuka, akasikia geti likigongwa kwa jiwe, kwa upole, kama anavyogonga mtu asiyejua kama atakaribishwa. Aliiweka sufuria chini palepale kwenye majani, akavuka uwanja akikimbia, aproni na yote, mkono mmoja una unga wa chapati, na njiani akatambua kwamba alikuwa hajajiandaa hata neno moja la kumwambia.

Alikuwa Maundu, jirani wa bondeni, amekuja kuazima sufuria kubwa.

"Kwani huna simu?" Ndila alimfokea. "Kwani wewe huwezi kupiga simu kama mtu? Geti liko wazi unagonga nini?"

Maundu akarudi hatua moja, kofia mkononi. "Nilisema nibishe tu, Ndila. Ni Krismasi."

Akampa sufuria. Akampa na nyama, nyingi kupita kiasi, kwa sababu ya aibu. Kisha akasimama getini mpaka pikipiki ilipopotea bondeni, akimfikiria mama yake na pikipiki zote za miaka minane, na kila mara kurudi jikoni kupakua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wageni walipoanza kuondoka, alichukua mguu wa mbuzi ambao alikuwa ameupigania tangu asubuhi, hata mwana wa shangazi akapigwa mwiko mkononi kwa ajili yake. Akaupanga kwenye sahani, akaongeza chapati mbili na ndengu, akafunika kwa sahani nyingine. Alipoiweka kabatini akaona haiko sawa, akaitoa, akaongeza nyama. Akairudisha.

Giza lilikuwa linaanza kuingia simu ilipolia tena. Safari hii haikuwa ya picha.

"Umefunga geti?" mama aliuliza. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo.

"Nimelirudisha tu. Sijafunga."

"Na kufuli?"

"Nimeificha hata mimi siioni."

"Mguu?"

"Mguu, Mwaitu. Na chapati. Na ndengu zenyewe."

Ndila akamsikia Bi Layla kwa mbali akimwita Kamanthe aje aonje kitu. "Goti halijaniuma leo," mama akasema mwisho, kama anayekiri kosa.

"Si ndiyo nilitaka? Si hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka mwaka mzima?"

"Haya, usinipigie kelele. Na wewe umekaa?"

"Nimekaa," Ndila akasema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mahali pa kile kigoda, ambapo uwanja wote unaonekana mpaka getini.